Novemba Niliyoipaka Wino Mweusi

Katika kazi ya kumshauri mtu asafiri mwezi gani, sijakutana na aliyenizidi. Nimekutana na mmoja tu aliyenikosoa nikakubali, naye hakuwa amefika hata darasa la tatu. Mwezi uliopita nilistaafu kwenye dawati langu la tiketi hapa Kigoma, na vijana wawili niliowaachia funguo wameniomba niwaandikie nilivyofanya kazi Marekani. Nawaandikia. Lakini msitarajie habari za vyeo, kwa sababu vyeo vyote nilijipa mwenyewe. Nitawaeleza kalenda ile ya ubao mgumu iliyotundikwa ukutani juu ya vichwa vyenu, na kwa nini mwezi wa kumi na moja una doa jeusi lenye maandishi ya penseli kando yake.

Nilifika Louisville nikiwa na sanduku moja na stashahada ya utalii. Stashahada hiyo niliipata kwa kulima, kufundisha twisheni na kulala kwenye stoo ya mjomba kwa miaka mitatu, kwa hiyo naitaja kila ninapopata nafasi. Huko Marekani stashahada hiyo haikumshtua mtu. Meneja wa ghala la vifurushi aliitazama mbele, akaigeuza nyuma kama mtu anayekagua noti, kisha akanionyesha mahali pa kuchukua glavu. Nikapanga vifurushi mwaka mzima. Jioni nilirudi mtaa wa Beechmont kwa basi la mji, na ndani ya basi hilo ndimo nilimogundua kazi yangu halisi.

Abiria wenzangu walikuwa Wakongo waliotoka kwenye kambi za wakimbizi. Wote walikuwa na ndugu waliotawanywa na makaratasi. Watoto wa tumbo moja, mmoja kaletwa Kentucky, mwingine kapelekwa Norwei, wa tatu kabaki kambini anasubiri kuitwa. Walipojua kwamba nimesomea safari, maswali hayakwisha. Na swali la kwanza siku zote lilikuwa lile lile: "Kule kwa ndugu yangu, niende mwezi gani nisife baridi?"

Mama mmoja wa Bukavu aliyekuwa na duka la unga wa muhogo, dagaa na vitenge alinipa kona yenye meza na soketi ya umeme. Nikatundika stashahada ukutani, katikati ya mafuta ya mawese na wigi. Wateja wakanibatiza jina: Papa Diploma. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa mzaha. Niliitikia kote kuwili.

Hapo ndipo nilipoitengeneza Kalenda. Nilinunua ubao mgumu wa karatasi, rula na kalamu za rangi. Miezi kumi na miwili nikaipanga kwa kulala, na kwa kusimama nikaweka mistari minne: joto, mwanga wa jua, mvua na theluji, nauli. Nilisoma kila nilichokipata maktaba. Nchi ya kwanza ilikuwa Norwei, hasa kule kaskazini walikopelekwa watu wetu wengi, ambako kiangazi jua halizami kwa wiki kadhaa na katikati ya baridi halichomozi kabisa. Juni na Julai nikazipaka kijani. Machi nikaipa manjano, kwa sababu theluji ipo na jua limerudi. Novemba nikaipaka wino mweusi hadi karatasi ikalowa. Vitabu vyote vilikubaliana: giza linaingia, mvua inachanganyika na theluji, utelezi, hakuna cha kutazama. Pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: USIENDE.

Mteja wangu wa kwanza wa Norwei alikuwa Mzee Bahati, mpanga vifurushi mwenzangu, mtu wa Uvira, mpole hadi inakera. Mdogo wake aliishi mji mdogo wa bandari huko kaskazini, na hawakuwa wameonana miaka kumi na mmoja. Nilimkatia tiketi ya Julai, wiki tatu. Aliporudi alikuja dukani na samaki mkavu mgumu kama ubao, akaniwekea mezani.

"Papa Diploma, merci sana. Jua ya kule haizami. Haizami hata kidogo."

"Si nilikuambia?"

"Ulisema kweli. Nilionana na jua sana."

Nilicheka, nikampa mkono, na chini ya Kalenda nikaandika: *Imethibitishwa na Mzee Bahati.* Samaki nilimchemsha siku mbili. Maneno ya Mzee Bahati ndiyo niliyopaswa kuyachemsha, lakini sikuyagusa.

Mwaka uliofuata nilihamia Columbus. Mkenya mmoja, Kamau, alikuwa na ofisi ya tiketi karibu na chuo kikuu kikubwa, na alihitaji mtu anayejua Kiswahili na Kifaransa cha kuombea maji. Nasema bila aibu kwamba Kamau alinifundisha nusu ya kazi hii. Nusu nyingine nilikuwa nayo.

Alinifundisha kusoma jina la mteja kwenye hati herufi kwa herufi, kwa sauti, kidole kikiwa juu ya karatasi, kwa sababu jina lililokosewa herufi moja humrudisha mtu nyumbani kutoka mlango wa ndege. Alinifundisha kutoshangaa wateja wengi wakisema walizaliwa tarehe mosi Januari. Ndivyo karani wa kambini alivyoandika alipochoka kuuliza. Alinifundisha kutomkatia mama mzee safari yenye dakika hamsini za kubadilisha ndege, hata kama kompyuta inasema inawezekana. Kompyuta haina magoti.

Wateja wa pale walikuwa wanafunzi na watafiti wa Kiafrika, na Kalenda yangu iling'ara. Dada mmoja wa Eldoret aliyekuwa akisomea udongo alialikwa mkutanoni Norwei na alitaka pia kuona zile taa za angani za kijani. Nikamwambia Machi. Alizileta picha ofisini, mbingu nzima imewaka, na akanikumbatia mbele ya Kamau. Kamau alisubiri atoke.

"Hiyo chart yako ni poa, mzee," akasema. "Lakini customer si thermometer."

"Una maana gani?"

"Huyu alienda kuona mbingu. So ulimuuliza kuhusu mbingu. Wengine wanaenda kuona watu. Hao unawauliza nini?"

"Nawauliza wanapenda baridi au joto."

Kamau alitikisa kichwa, akarudi kwenye kompyuta yake. Nilidhani ni wivu. Nilikuwa nimeshaifunika Kalenda kwa plastiki ngumu, na kitu kilichofunikwa kwa plastiki mtu haoni aibu kukiamini.

Kutoka Columbus nikaenda Buffalo kujitegemea. Nilipanga chumba cha mbele cha nyumba ya mbao West Side, ngazi tatu kutoka barabarani, na kibao nikakipaka rangi mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa wateja: Wakongo, Warundi, makanisa mawili yaliyokuwa yakisali kwa Kiswahili ndani ya jengo moja kwa zamu. Nilitundika stashahada upande wa kulia, Kalenda kushoto, mimi katikati.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kwenye madirisha, aliingia Mama Sifa na binti yake Sifa. Mama alikuwa mtu wa milima ya Kivu Kusini, mrefu, mkavu, kitenge juu ya koti la kiume. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Sifa alikuwa na miaka ishirini na kitu, mhudumu wa wazee majumbani, na kama vijana wengi wa pale alimjibu mama yake kwa Kiingereza hata pale mama aliposema kwa Kiswahili.

Haja yao ilikuwa hii. Dada mkubwa wa Mama Sifa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, yuko Norwei kaskazini, anaishi na bintiye Furaha. Walipotezana siku ya kukimbia, miaka kumi na tisa iliyopita. Sasa yule dada ana presha ya macho. Jicho moja limekwisha, la pili linafifia, na daktari hakuahidi kwamba mwaka ungeisha akiona.

"Mi nataka dada yangu anione," alisema Mama Sifa. "Kusikia ananisikia kwa simu. Nataka anione sura."

Alikuwa na hati ya kusafiria ya mkimbizi, ambayo hudumu mwaka mmoja tu. Yake ingeisha Januari inayofuata. Kiwanda kilimpa wiki mbili za likizo kwa mwaka, Juni au Novemba, achague. Kwa hiyo safari ilikuwa moja na nafasi ilikuwa moja.

Kwangu halikuwa swali. Nilisimama, nikachukua rula, nikagonga Kalenda.

"Juni, mama. Mwanga saa ishirini na nne. Dada mwenye macho dhaifu anahitaji mwanga. Novemba ni hii hapa." Nikagonga doa jeusi. "Giza, utelezi, na theluji."

Aligeuka akatazama dirisha langu lililozibwa na theluji. Sifa akacheka.

"Papa Diploma," mama akasema, "mi nilikuwa nafikiria mwezi ya kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Bon. Ni mwezi muzuri."

"Mzuri kwa lipi?"

"Ni mwezi tu."

"Mom, he said June," Sifa akaingilia. "He studied this." Kisha akanigeukia kwa Kiswahili: "Baba, macho ya shangazi hayatangoja. Andika Juni."

Kwao dada wa mama wangemwita mama mkubwa, lakini Marekani ilikuwa imemchanganyia Sifa majina ya ndugu wote. Mama hakumrekebisha. Aliniangalia, akainamisha kichwa kidogo, akasema: "Wewe umesoma. Andika."

Vijana, sikilizeni hapa. Mtu wa milima akikubali haraka hivyo, hajakubali. Amekuheshimu. Mimi sikujua tofauti, lakini nilihisi kwamba ushindi wangu haujakolea, na mimi ushindi usiokolea siupendi. Kwa hiyo nikaamua kumwita shahidi. Nikampigia Mzee Bahati, Louisville, nikaweka simu kwenye spika katikati ya meza.

"Mzee Bahati! Niko na mama hapa anakwenda kule kule kwa mdogo wako. Mweleze Julai ilivyokuwa."

"Ah, Papa Diploma! Ilikuwa muzuri. Jua kila saa."

"Umesikia, mama?"

Mama Sifa aliisogelea simu. Akamsalimu Mzee Bahati polepole, akamuuliza habari za nyumba, za kanisa, za baridi ya Louisville. Kisha akauliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya:

"Na kule, papa, nani alikuwa anakupikia?"

Kwenye spika kikasikika kiti kikivutwa.

"Donc, mama," Mzee Bahati akasema, "nilikuwa najipikia mwenyewe."

"Wiki ngapi?"

"Zote tatu."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji alikuwa hoteli, kazi. Mdogo yangu iko nafanya kwa nyumba ya bazee. Unajua, kule mwezi ya saba wenyeji bote banaenda likizo, hata daktari. Kazi inabaki kwa sisi bageni. Alikuwa nafanya zamu mbili mbili. Akirudi analala na viatu. Mi nakaa dirishani naangalia jua. Jua iko, mutu haiko." Akacheka kidogo. "Tulikula pamoja mara ine. Nilihesabu."

Nilitazama maandishi chini ya Kalenda yangu. *Imethibitishwa.*

"Mzee Bahati," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Ulikuwa na furaha sana. Na mdogo yangu alisema karibu, siku yoyote, nyumba ni yako. Sasa nimwambie mutu amenikaribisha vibaya? Hapana."

Nilipokata simu, Mama Sifa alikuwa ameshika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Nyumba ya bazee," akasema taratibu. "Ndiyo. Hata Furaha ni kazi ileile."

Kisha akatueleza, Sifa na mimi, jambo alilokuwa amelishika peke yake.

Kwao milimani, alisema, mtu hamuulizi ndugu yake "nije lini?" Ukiuliza, jibu ni moja tu: karibu. Hata kama chungu kiko tupu, atasema karibu, na atakopa unga kwa jirani uone moshi. Kwa hiyo unauliza ng'ombe wako wapi. Miezi ya kiangazi, kuanzia wa sita, vijana huwapeleka ng'ombe malisho ya mbali. Nyumbani hubaki wazee na majivu. Hakuna maziwa, hakuna mtu wa kukupokea mzigo. Ukienda wakati huo, unamwaibisha mwenye nyumba. Mvua zikirudi, ng'ombe wanarudi, wanazaa, na kufikia mwezi wa kumi na moja kila nyumba ina maziwa. Hapo ndipo watu hutembeleana, kwenye ukungu na matope, na hakuna anayelalamika.

"Sasa kule Norwei mi sioni ng'ombe," alisema. "Nasikiliza simu. Mwezi ya kumi na moja, Furaha anashika simu ikilia mara ya kwanza. Anacheka. Ananipa dada yangu, tunaongea mpaka mkono inachoka. Lakini mwezi ya sita, ya saba, ya nane, kila mwaka, napiga, Furaha anapokea siku ya tatu. 'Mama iko wapi?' 'Mama amelala.' Napiga asubuhi, amelala. Napiga mchana, amelala. Miaka ine, kila kiangazi, dada yangu iko nalala."

Sifa alikuwa ameacha kutabasamu. Yeye mwenyewe alihudumia wazee, na alielewa kabla yangu.

"Mama," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, "shangazi hayuko nyumbani. Furaha akiwa na zamu mbili hawezi kumwacha peke yake na macho yale. Wanamweka kwenye nyumba ya wazee hadi kiangazi kiishe."

"Ndiyo."

"Na anaona haya kukuambia."

"Ni mtoto wa watu. Mama yake mzazi, kumweka kwa nyumba ya bageni! Huko kwetu hata adui humwambii. Nikienda mwezi ya sita, ataacha kazi anipokee, ao atasema kweli na machozi. Mi sitaki kwenda kumuumbua mtoto anayemtunza dada yangu."

Nilikuwa bado na hoja moja, na ilikuwa nzuri. Sikuwa naitetea Kalenda tu.

"Mama Sifa, kutoka Juni hadi Novemba ni miezi mitano. Jicho la dada yako linaweza kuzima katikati. Utafika, atakushika mikono, lakini hatakuona. Ndicho ulichokuja kuniambia unakitaka."

"Najua."

"Na kule Novemba ni giza."

"Kule iko umeme?"

"Umeme upo."

"Inakatika?"

"Haikatiki."

"Basi giza gani unaniambia?"

Nilipitisha rula kwenye mistari yote minne. Sifa alimshika mama mkono. Alimwomba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: dada ndiye aliyekulea, Furaha atasamehe, macho hayasamehi. Mama alisikiliza yote. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo siwezi kuyapinga wala kuyazoea.

"Dada yangu akijua nilimwaibisha mtoto wake ili anione, hatataka kuniona. Andika mwezi ya kumi na moja, Papa Diploma. Mungu ashike hilo jicho."

Nikaandika. Nilisoma jina lake herufi kwa herufi kwa sauti, kidole kwenye hati. Nilimpa saa nne na nusu za kubadilisha ndege Oslo kwa ajili ya magoti yake. Nikamwandikia karatasi tatu za kumwonyesha mtu yeyote uwanjani, kwa herufi kubwa: ninakwenda wapi, nani ananipokea, sioni vizuri maandishi madogo, maana hivyo ndivyo tunavyomwandikia kwa heshima mtu aliyeishia darasa la pili. Viza niliifuatilia mwenyewe, kwa sababu hati ya kuisha Januari na safari ya Novemba ni vitu vinavyokaribiana mno, maana ubalozi hutaka hati ibakiwe na miezi mitatu baada ya safari isipokuwa kwa dharura kama ya jicho la dada, na kosa la wiki mbili lingefuta yote. Ilitoka. Hilo nalo nalitaja kila nikipata nafasi.

Lakini kiangazi kile kilinichosha. Mwezi wa saba Sifa alipita ofisini akitoka kazini, akasimama mlangoni. Furaha alikuwa amesema, katika moja ya simu zake za siku ya tatu, kwamba mama yake alimwaga chai kwa sababu hakuona kikombe. Nilimwambia Sifa bado ninaweza kubadilisha tarehe, kiti kipo, nimeshatazama. Akampigia mama yake kiwandani. Nilisikia sauti ya mashine za kufulia, na juu yake sauti ya Mama Sifa.

"Ng'ombe zimerudi?"

"Bado, mama."

"Basi tungoje."

Aliondoka Buffalo katikati ya Novemba, siku ya mvua ya barafu. Tulimsindikiza mimi na Sifa. Mzigoni alikuwa na unga wa muhogo, pilipili, kitenge kipya cha dada yake, na picha ya marehemu mama yao iliyokuzwa ukubwa wa sahani. Wiki mbili hizo sikuuza tiketi yoyote kwa furaha. Nilikaa nikitazama doa jeusi.

Alirudi na soksi za sufu za kwangu, zilizofumwa na Furaha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akavua kofia, akachukua muda wake kama watu wa kwao wanavyofanya. Sifa alisimama nyuma yake.

"Ulikuta giza?" nikauliza. Nilitaka angalau niwe nimepatia hilo.

"Giza mingi. Saa nane mchana, jua imeshakwenda. Kunanyesha, kunateleza. Ulisema kweli."

"Na nani alipika?"

"Furaha. Kila siku. Alikuwa na likizo yake yote, aliiweka mwezi ile. Alipika mpaka nikamwambia mtoto, pumzika. Tulikuwa ndani, watu watatu, mlango umefungwa, tunakula, tunaimba, tunalia kidogo, tunakula tena." Akaishusha sauti. "Nyuma ya mlango ya chumba ya dada kulikuwa kisanduku kidogo cha safari, na karatasi ya nyumba ya bazee imefungwa kwa mshikio ya kisanduku, na jina ya dada yangu. Walisahau kuificha. Nikaitundikia kitenge juu. Sikuuliza kitu."

"Na dada?"

Mama Sifa alikunja kofia yake mara mbili kabla ya kujibu.

"Nilipoingia alinishika hapa." Akagusa mashavu. "Akanipapasa kama mtu anachagua viazi. Nikasema, basi, tumechelewa, haoni. Akasema, 'Furaha, leta taa ya jikoni.' Furaha akaleta ile taa ya shingo ndefu, akaiwasha karibu na uso yangu, jasho ikanitoka. Dada akaleta lile jicho moja karibu, karibu kabisa, pua kwa pua. Akaangalia. Akaangalia sana. Halafu akasema, 'Umezeeka, we mtoto.'"

Sifa alianza kulia nyuma ya kiti. Mama yake alikuwa anacheka, machozi yakishuka.

"Umezeeka! Unasikia, Papa Diploma? Batu bote kule bananiambia uko muzuri, haujabadilika. Kama na yeye angesema niko muzuri, ningejua haoni kitu."

Jicho lile lilizima kabla ya Pasaka. Mama Sifa ndiye aliyenipigia kunijulisha, na hakuwa na huzuni niliyoitarajia. Alisema dada yake sasa anajua anaongea na sura gani.

Siku aliyorudi, baada ya wao kuondoka, nilitoa plastiki ya Kalenda kwa kisu. Nilifuta jina la Mzee Bahati pale chini, nikampigia kumwomba radhi, na mwaka uliofuata akaenda tena Norwei, Novemba. Alileta samaki mwingine. Safari hii alisema hajui jua likoje kule, hakupata nafasi ya kutazama nje.

Kisha nikaongeza mstari wa tano, kwa penseli, kwa sababu mstari huo haufanani kwa wateja wawili na lazima ufutike: *Nani atapika?* Doa jeusi la Novemba sikulifuta, na ninyi msilifute. Kuhusu hali ya hewa nilikuwa sahihi.